Pacha wa Chumba cha Kufulia

"Rudia," alisema Msumeno.

Kijani akarudia. Alikuwa amesimama tangu asubuhi, maana kiti cha pili kilikuwa kimetolewa chumbani makusudi, na kila alipojaribu kuegemea ukuta Koplo alimgusa bega kwa kirungu, polepole, kama mgeni anayebisha hodi.

"Nilikuwa zamu chumba cha mitambo, Afande. Kazi yangu ni kutazama Jicho. Jicho likionyesha nyekundu, napiga simu wodini, nawaambia mtandao umekatika, msiziamini mashine, nendeni vitandani kwa miguu yenu. Siku ile halikuonyesha nyekundu. Lilikuwa kijani."

"Hayo ya zamani. Nipe ya jana."

"Nililala."

"Enhe. Sasa tunaelewana."

Jina la Kijani alilipata hospitalini, kwa sababu kila aliyempigia simu kumuuliza hali ya mtandao alijibiwa "kijani tupu, mkubwa," hata kabla hajamaliza kuuliza. Watu walicheka. Jina la utani halina madhara mpaka siku ligeuke ushahidi, na hilo liligeuka siku mwanamke aliyejifungua salama alipovuja damu chini ya shuka, wodi ya wazazi, mpaka akaisha. Mashine ya kando ya kitanda chake ililia kama ilivyotakiwa. Ila kilio hicho husafiri kwa waya mpaka kwenye meza ya wauguzi, na waya ulikuwa umetafunwa na panya juu ya dari. Wauguzi mezani waliona namba za mwisho zilizoganda, namba nzuri za mtu mwenye afya yake. Jicho, ile programu ya kuulinda mtandao, ndilo lililopaswa kupiga kelele. Kesho yake polisi waliuchomoa waya uleule mbele ya mashahidi, na Jicho likawa jekundu kabla mtu hajameza mate. Basi Jicho lilikuwa zima. Aliyefumba ni yule aliyekaa mbele yake. Kesi ikawa nyepesi.

Msumeno naye hakupewa jina na wazazi wake. Mahabusu ndio waliompa. Sheria ni msumeno, husema watu, hukata mbele na nyuma; huyu mama, walisema mahabusu, amebakiwa na meno ya kwenda mbele tu. Aliusikia utani huo na haukumchukiza. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya upole iliyowapoteza watu wengi.

Taa ya selo ya Kijani haikuzimwa tangu aingie, na ndoo ya maji haikukaa mbali naye. Jana aliuliza swali moja tu: "Afande, nikisema nililala, mtaniacha nilale?" Msumeno akajibu kwamba atamwacha. Kijani akasaini. Hawakumwacha.

Alasiri angefikishwa mbele ya hakimu, na Msumeno alitaka kukaza msumari wa mwisho. Hakimu wa siku hiyo alikuwa mtu wa kuuliza vijiswali.

"Kabla hujasinzia, kitu cha mwisho ulichokiona kwenye skrini ni nini?"

Kijani alifikiri. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya. "Safu ya makosa."

"Ilisemaje?"

"Sifuri, Afande. Sifuri, sifuri, mpaka chini. Kama kila siku."

"Kila siku?"

"Tangu Jicho lihamishwe. Zamani, lilipokuwa kwenye mfumo wa kompyuta wa Linux, safu ile haikukosa namba. Hapa makosa mawili, pale matano. Nyaya zetu kuukuu, lazima zikosee. Tulipohamia mfumo mwingine, BSD, yakaisha yote. Mimi nilisema hizi mashine mpya zina baraka."

Msumeno aliweka kalamu mezani. Siku ya kujaribu waya alikuwa amesimama mbele ya skrini ile, na yeye akiingia chumbani husoma kila kilichoandikwa humo, hata kuta za choo. Kabla waya haujachomolewa, safu ya makosa haikuwa na sifuri tupu. Ilikuwa na namba ndogondogo, zikipanda moja moja.

"Jicho liko moja tu hospitali nzima?"

"Lina pacha, Afande. Chumba cha kufulia. Ni mashine ya akiba, ile kubwa ikifa, hii inachukua kazi. Ziliwekwa siku moja, kutoka mkono mmoja."

"Kuna mtu ameigusa tangu siku ya kifo?"

"Nani aende kule? Wanaijua wafuaji na mimi."

Msumeno alisimama, akachukua kofia. Mlangoni Koplo alimuuliza kwa macho kama ampe mtuhumiwa kiti. Msumeno akatikisa kichwa.

Koridoni mwa kituo, kwenye benchi, walikuwepo wale wawili waliokuwepo kila asubuhi. Mume wa marehemu alikuwa amepakata kichanga mkononi, na kando yake alikaa mama mkwe wake, bibi mzima aliyejitanda nguo nyeusi, mgongo wima. Siku Kijani alipopitishwa hapo na pingu, bibi huyo aliinuka akamtemea mate usoni, na hakuna askari aliyeharakisha kumzuia. Mume wa marehemu hospitalini walimwita Profesa. Hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa fundi wa programu, mwenye miwani, mwenye tabia ya kuwafundisha watu ambao hawakuuliza.

"Afande, leo anapelekwa?" aliuliza Profesa. "Msimpe dhamana. Mtu aliyelala mke wangu akifa asilale kwake."

"Leo," alisema Msumeno, akapita.

* * *

Mkuu wa mitambo wa hospitali alivaa tai hata alipopanda darini kutafuta panya. Alimkaribisha Msumeno kwa maneno mengi, akafuta kiti kisichokuwa na vumbi, akaagiza chai ambayo Msumeno hakuigusa. Macho ya Msumeno yalikuwa ukutani. Hapo palitundikwa picha kubwa ya siku ya uzinduzi: wageni waheshimiwa, mkasi, utepe, na nyuma yao skrini ya Jicho.

Msumeno aliishusha picha bila kuomba ruhusa, akaisogeza dirishani. Safu ya makosa ilionekana vizuri. Sifuri, sifuri, mpaka chini.

"Kwa nini mlihama kutoka Linux?"

"BSD ni imara, Afande. Inasifiwa sana kwa mambo ya mtandao. Mashine zote za njia kuu tukazihamishia huko. Shida ikawa Jicho. Lilitengenezwa kwa Linux tu, na wauguzi walikuwa wameshalizoea. Tukasema lihamishwe."

"Nani alilihamisha?"

"Profesa. Mume wa marehemu. Mwingine hapa anayeijua BSD kwa ndani hayupo, Afande. Mimi mwenyewe naiwasha tu na kuizima."

"Baada ya kulihamisha, mlilijaribu?"

"Tulilitazama. Lilikuwa kijani."

"Sijauliza kama mlitazama. Mlichomoa waya mkaona kama litapiga kelele?"

Mkuu alishika tai yake. "Siku ya uzinduzi? Mbele ya wageni? Na baadaye likawa linafanya kazi vizuri, sasa..."

"Ulijuaje linafanya kazi vizuri?"

"Lilikuwa kijani."

Kwa robo saa iliyofuata Mkuu alisagwa kama mahindi. Kwamba yeye ndiye aliyelipokea Jicho bila kulijaribu. Kwamba mwanamke akifa, wa kwanza kutafuta pa kujificha ni aliyelipokea. Kwamba ufunguo wa chumba cha mitambo ulikuwa wake. Kwamba aliingia baada ya kifo, akabadilisha alichobadilisha, ili waya ukichomolewa kesho yake lawama imwangukie mtu wa zamu. Msumeno aliyasema yote kwa sauti ileile ya upole, na mwisho akamuuliza ana watoto wangapi na nani atawasomesha.

"Wallahi si mimi!" Mkuu alikuwa analia sasa, tai imeingia kwenye chai. "Mimi sijui hata pa kuanzia, Afande! Nitalibadilishaje Jicho, mimi? Siku ile nilifungua mlango tu!"

"Ulimfungulia nani?"

Kumbe Mkuu alikuwa hajawahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo.

"Sema."

"Profesa. Alikuja kutoka wodini, mkewe ameshakata roho. Walinzi walikuwa wamemtoa Kijani kwa makofi. Profesa akaniomba akae peke yake mle ndani kidogo. Akasema anataka kuona kwa macho yake pale walipomsahau mkewe. Ungemkatalia, Afande? Tulisimama nje ya kioo. Alikaa kwenye kiti cha zamu, ametupa mgongo. Tuliyaona mabega yake yanatikisika. Mimi mwenyewe nililia."

"Mikono yake mliiona?"

Kioo kile kiliwaonyesha mgongo tu.

Msumeno alikumbuka jambo lingine, ambalo sista wa wodi ya wazazi alilisema katika mahojiano ya kwanza na likapita kama maneno ya uchovu. Sista alisema walimngoja mume aje amfumbe marehemu macho, wakangoja sana, mwishowe akamfumba yeye. Walidhani mume amejifungia mahali analia. Msumeno alilisikia, akaliacha lipite, kwa sababu siku hiyo alikuwa ameshampata mtu wake.

"Chukua kompyuta yako," alimwambia Mkuu. "Twende kufulia."

* * *

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, kina mvuke na harufu ya dawa ya kung'arishia inayochoma pua. Mashine tatu zilikuwa zinazungusha mashuka. Pacha wa Jicho alikaa kwenye rafu juu ya magunia ya sabuni, amefunikwa manyoya ya nguo mpaka hujui rangi yake, na juu yake skrini ndogo. Msumeno aliipangusa kwa kiganja. Kijani. Safu ya makosa ilikuwa sifuri tupu.

"Nilinganishie," alisema. "Programu iliyo hapa na iliyo kule chumbani. Zote mbili."

Mkuu aliinama kwenye kompyuta yake. "Tarehe moja, Afande. Siku moja, saa moja. Ni zilezile."

"Uzito?"

Akatazama. Akatazama tena, akavua miwani akaivaa. "Ya kule ni nzito zaidi. Si sana. Haiwezekani. Zimetoka diski moja. Lazima zilingane mpaka herufi ya mwisho."

"Na tarehe?"

"Tarehe unaweza kuirudisha nyuma. Ni amri moja tu, kila fundi anaijua."

"Kwa hiyo pacha mmoja amenenepa," alisema Msumeno, "na akadanganya umri."

Akampigia Koplo simu, akamwambia awalete wale waliokuwa kwenye benchi. Koplo akauliza kama na bibi pia. Msumeno akasema bibi hasa.

Walifika Profesa mbele, kichanga mkononi, mama mkwe nyuma akijishika ukuta kwa sababu sakafu ilikuwa na povu. Wafuaji walitolewa nje. Mashine ziliachwa zizunguke. Msumeno angeweza kumwomba bibi akae nje pia, kwenye jua, na mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Alimtafutia ndoo, akaigeuza, akamkalisha hapo mbele kabisa.

"Mama, samahani kwa kukusumbua. Nataka uone kitu. Profesa atatusaidia kueleza, ni mwalimu mzuri."

"Kuna nini, Afande?" Profesa alikuwa ameshaiona mashine iliyo rafuni. Hakuitazama mara ya pili.

"Hili ndilo Jicho, Mama. Kazi yake ni moja, waya ukikatika liwe jekundu. Waya wake ni ule pale." Akamgeukia Profesa. "Uchomoe."

"Nimembeba mtoto."

"Una mikono miwili."

Kichanga kilijinyoosha, kikatoa sauti ndogo. Profesa alikihamishia mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikwenda mpaka kwenye waya ukasimama.

"Hii mashine ni ya zamani, Afande. Ina unyevu. Matokeo yake hayawezi kuaminika kitaalamu."

"Uchomoe, baba," alisema mama mkwe. Hakujua anachokiomba. Alitaka tu mambo yaishe wakamfunge yule mtu. "Afande anataka kuona, mwonyeshe."

Profesa akauchomoa. Walisimama wote wakiitazama skrini, mvuke ukipita kati yao. Ilibaki kijani. Mkuu wa mitambo aliguna. Bibi alitazama skrini, akatazama waya unaoning'inia mkononi mwa mkwe wake, akatazama skrini tena.

"Mbona haigeuki?" aliuliza.

"Mjibu mama yako," alisema Msumeno.

"Nimesema ina unyevu."

"Sawa. Basi Mkuu hapa ataunakili unyevu huo, auweke kwenye mashine nyingine iliyo kavu, tuchomoe waya mbele ya hakimu. Au unatueleza mwenyewe. Kule chumbani, siku ya kifo, ilikuwa programu hii. Kesho yake ikawa nyingine, nzito kidogo, yenye tarehe ya uongo. Katikati yake ameingia mtu mmoja tu. Ulijitahidi sana. Ulimsahau pacha."

Profesa alikaa juu ya gunia la sabuni. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, ya kufundisha, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angelia.

"Kwenye Linux, habari za kila kadi ya mtandao zimewekwa wazi. Unasoma tu, kama tangazo ubaoni. BSD haina ubao huo. Lazima uuulize moyo wa mfumo, kwa njia yake, kwa adabu zake. Nilimaliza kila kitu isipokuwa sehemu hiyo moja, ya kusoma makosa ya kadi na kujua kama waya upo. Bila sehemu hiyo programu ilikuwa inagoma kujengeka. Nikaweka jibu la kubandika. Ukiiuliza, inasema sifuri. Watu wa kazi yetu wote hufanya hivyo, Afande. Unabandika kitu ili mengine yajengeke, uone kama yanakwenda, halafu unarudi kukitoa."

"Na sifuri, kwa Jicho, maana yake nini?"

"Hakuna tatizo."

"Daima?"

"Daima."

"Ulirudi kukitoa?"

Profesa aliipapasa miguu ya kichanga kupitia kitambaa. "Simu iliita. Alikuwa yeye. Akasema daktari amepata nafasi, niwahi, tukausikie moyo wa mtoto. Nikafunga kompyuta nikaenda. Kesho yake nilipowasha, kila kitu kilikuwa kijani, nikadhani nimeshamaliza."

"Mlikuja kwangu siku ile," alisema bibi kutoka kwenye ndoo yake. Alikuwa anamsaidia kukumbuka, bado yuko upande wake. "Mlikuja mnacheka. Hukuvua hata viatu. Ukaniigizia mlangoni jinsi moyo unavyopiga."

"Ndiyo, Mama."

"Endelea," alisema Msumeno.

"Nilipofika wodini wakaniambia mashine ya wauguzi haikusema kitu, na Jicho halikusema kitu. Nikaelewa palepale."

"Mkeo alikuwa amekufa tangu lini?"

"Alikuwa bado ana joto."

"Sista anasema walikungoja umfumbe macho. Ulikwenda wapi? Sema kwa sauti, mashine hizi zina kelele, Mama asikose hata neno."

"Chumba cha mitambo."

"Kufanya nini?"

"Kuandika ile sehemu."

"Ilikuchukua muda mrefu?"

Hapo ndipo uso wa Profesa ulipovunjika. "Hapana. Ni mistari michache tu, Afande. Kazi ya kunywa kikombe cha chai. Ndiyo maana niliiahirisha."

Mashine moja ilimaliza mzunguko wake ikasimama, na mle ndani ya kioo chake shuka jeupe likashuka taratibu. Mkuu wa mitambo alikuwa anaitazama sakafu. Yeye ndiye aliyepaswa kuuchomoa waya siku ya uzinduzi, na alikuwa anaomba asikumbukwe.

"Na yule kijana?" aliuliza bibi. "Yule niliyemtemea mate?"

"Aliona kijani, Mama. Alisema kweli toka siku ya kwanza."

"Na wewe ulikuwa unajua." Sasa alikuwa anamwambia mkwe wake. "Ulinishika mkono koridoni. Nilipomtemea, ulinishika mkono ukaniambia, pole Mama, umefanya vizuri."

"Mama, nisikilize. Hata ningesema, asingerudi. Nilimfikiria mtoto. Angebaki na nani? Mama amekufa, na baba afungwe? Nilisema bora yule, hana mke, hana mtoto, hana wa kumlilia..."

"Ana mama," alisema Msumeno. "Anakuja kila siku na chakula. Koplo anampa mbwa."

Alilisema bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Profesa alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze akapata ujasiri wa mtu asiyebakiwa na kitu.

"Maelezo yake unayo, Afande. Amekiri. Amesaini kwamba alilala. Umeyapataje maelezo hayo, kama alikuwa macho?"

Msumeno alichomoa pingu kiunoni akazifungua. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila mle ndani ya mvuke walikuwa wagonjwa wawili, na wote wawili walilijua hilo.

Bibi aliinuka kutoka kwenye ndoo. Alikataa mkono wa Mkuu wa mitambo. Alitembea juu ya povu hatua fupifupi mpaka mbele ya gunia la sabuni, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto."

"Mama..."

"Mimi si mama yako. Mwanangu wa kuniita mama amekufa, wewe ukakimbilia kuandika. Nipe mtoto."

Kichanga kilikuwa kimelala. Profesa alikibana kifuani mara moja, kwa nguvu, kikaamka kikaanza kulia, na bibi hakurudi nyuma wala hakushusha mikono. Msumeno alisimama na pingu zake akingoja, bila haraka. Mwishowe mikono ya Profesa ikalegea, bibi akakipokea kichanga, akakifunika kwa ile nguo nyeusi, akatoka nje bila kugeuka. Kilio cha kichanga kilisikika mpaka kona ya jengo. Ndipo pingu zikafungwa.

* * *

Kituoni, Koplo alikuwa amekwenda kula. Aliporudi alimkuta Msumeno amesimama mbele ya selo.

Kijani alikuwa ameanguka palepale alipoachwa amesimama, shavu kwenye saruji, mdomo wazi. Taa ilikuwa inamwakia usoni na hakuisikia. Hii ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe kuonekana analala.

"Hakimu anangoja, Afande," alisema Koplo. "Nimpakie garini?"

"Haendi kwa hakimu. Amwachie Profesa nafasi." Msumeno alikuwa na karatasi ya maelezo mkononi, ile yenye saini iliyopinda kama nyayo za mlevi. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Mwamshe umwambie aende nyumbani."

Koplo aliinua kirungu kwa mazoea, akakumbuka, akakishusha. Akainama akamgusa bega kwa mkono.

Kijani aliruka. Alisimama kabla macho hayajafunguka, mgongo mbali na ukuta, mikono imeshikana mbele kana kwamba pingu bado zipo.

"Nililala," alisema. "Nililala, Afande. Nimeshasema nililala."

"Uko huru," alisema Msumeno. "Nenda kwenu."

Kijani alimtazama Koplo, akautazama mlango uliokuwa wazi, akaitazama ndoo. Alikuwa anatafuta mtego uko wapi. Msumeno alirudia, taratibu zaidi, kwa ile sauti yake ya upole, na aliposikia sauti hiyo kijana akanyoosha mkono wa kulia.

"Nililala," alisema. "Leteni kalamu, nitasaini tena."